Kizibao Namba Kumi na Nne

Wadogo zangu, mimi nimestaafu. Chekeni tu. Nina miaka kumi na tisa na nimestaafu, na siku ya kuniaga walininunulia soda na kitenge. Mwenyekiti wetu, Mzee Sefu, alisema mtu akiacha kazi mwenyewe bila kufukuzwa, huyo amestaafu, habari za umri ni za serikali.

Kazi yangu ilikuwa kuandika daftari la foleni kwenye kijiwe cha bodaboda hapa Kwamndolwa, Korogwe. Nawaandikia ninyi mtakaolishika baada yangu. Najua mtakuwa watu wa kidato cha nne, maana madereva wanapenda aliyemaliza kidato cha nne akakosa pa kwenda. Ningeweza kuwaita niwaeleze kwa mdomo, lakini mimi mbele ya watu sauti inanikauka. Shuleni nilikuwa najua majibu na sinyooshi mkono. Nilikuwa nayaandika kwenye daftari langu la nyumbani, pamoja na mambo mengine yote ambayo sikuyasema mchana. Pale kijiweni waliniita Kimya. Nililizoea.

Nianze na kalamu. Kalamu ifungwe kwa kamba kwenye daftari, la sivyo kila dereva ataondoka nayo sikioni na kuapa kwamba hajaiona. Mvua ikinyesha, daftari linaingia kwenye mfuko wa saruji uliooshwa, sio wa nailoni, wa nailoni unatoa jasho ndani na wino unakimbia. Abiria akifika, muulize wewe anakwenda wapi kabla dereva hajamuuliza, kwa sababu dereva akiona safari ni fupi atasema tairi lake halina upepo. Anayerudi na injini imezimwa, anateleza taratibu kutoka kilimani kama paka, huyo anataka kuingia katikati ya foleni. Mwandikeni mwisho bila kusema neno. Atapiga kelele mpaka achoke, na abiria akija atanyamaza.

Zamani, kabla yangu, foleni haikuandikwa. Ilikuwepo waya iliyovutwa ukutani, na vipande vya bati vyenye namba. Dereva akirudi anasogeza bati lake nyuma. Waya ile aliitengeneza Mzee Hoza, dereva mkubwa kuliko wote pale, mtu wa Handeni, aliyeanza na baiskeli ya kubeba abiria kabla pikipiki hazijawa nyingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama pembeni nimeinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, na sijui kama alisikia.

"Marahaba, binti yangu. Hawa wana makelele, lakini hawana meno. Akikufokea, mwangalie namba kifuani, usimwangalie usoni. Namba haifoki."

Ushauri huo ulinisaidia kuliko yote niliyofundishwa shuleni. Kila mwanachama alikuwa na kizibao chake cha rangi ya chungwa, namba kubwa kifuani na mgongoni, na chini ya namba imeandikwa simu ya mwenyekiti. Cha Mzee Hoza kilikuwa kumi na nne.

Sasa niwaeleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Dereva akiugua, foleni yake haifi. Zamu yake ikifika, mwenzake yeyote anavua kizibao chake mwenyewe, anavaa cha mgonjwa, anapeleka yule abiria, na nauli ya safari hiyo inapelekwa kwa mgonjwa nyumbani. Hawakukaa kikao kuipanga. Ilikuwa hivyo tangu enzi za mabati. Vizibao vya wagonjwa vilining'inia kwenye msumari juu ya kichwa changu, na dereva akinyanyua kimoja alikuwa anasema, "Naenda kumfanyia mgonjwa," basi, imekwisha.

Halafu serikali ikatutaka tuwe chama cha ushirika kilichoandikishwa. Sikatai, lilikuwa jambo jema. Kabla ya hapo mtu yeyote mwenye pikipiki alikuja akajiita wa kijiwe chetu, na wengine walipora abiria simu. Afisa ushirika wa wilaya alikuwa mama mmoja mpole, anavaa miwani, tulimwita Madam. Alituletea daftari jipya lenye mistari na kijitabu cha masharti, akasema kisomwe mbele ya wanachama wote, chote.

Mzee Sefu akaitisha mkutano. "Kimya, hapa msomi ni wewe. Simama utusomee."

Nilisimama. Nikaegemea meza. Nikasoma ukurasa wa kwanza, habari za leseni na kofia ngumu. Wa pili, kwamba kila safari iandikwe kwenye daftari: namba ya kizibao, jina la anayeendesha, aendako, saa. Walikuwa wametulia. Nikafika wa tatu: mwanachama ambaye jina lake halitaonekana kwenye daftari siku thelathini mfululizo ataondolewa kwenye orodha, na nafasi yake atapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Hapo pakawaka.

"Yaani niugue mwezi, nirudi nikute dogo kakalia namba yangu?" Idi akasema, ndiye mwenye sauti kubwa kuliko pikipiki yake.

"Hao ofisini wakiumwa wanapewa likizo," Mzee Sefu akasema, "sisi tukiumwa tunafukuzwa."

"Na Mzee Hoza je?" mwingine akadakia. "Ana wiki ngapi yuko kitandani?"

Maana Mzee Hoza wakati huo alikuwa anaumwa mgongo, hawezi kukaa, sembuse kuendesha. Kila mtu alikuwa anasema, hakuna anayesikiliza. Mimi nilikuwa bado nimesimama, kidole kiko juu ya ukurasa wa nne. Nikasubiri wanyamaze. Hawakunyamaza. Nikakaa.

Aliyeniona ni Lazaro peke yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, babu yake aliletwa kukata mkonge kutoka mbali huko, na wao wakabaki kwenye nyumba za kambi mpaka kazi ilipokwisha. Mama yake alishahamia Handeni, analima. Lazaro ndiye aliyekuwa ananitania bila kuniumiza.

"Kimya, bado kurasa ngapi?"

"Mbili."

"Kasome nyumbani, kesho utuambie. Hawa leo hawasikii hata honi."

Nilikitia kijitabu kwenye mfuko wa daftari. Nyumbani usiku ule niliandika kwenye daftari langu jinsi nilivyoona aibu kukaa chini bila mtu kugundua. Nilijaza kurasa tatu za aibu yangu. Mbili za kijitabu sikuzisoma, wala kesho yake, wala keshokutwa. Na Lazaro hakuuliza tena. Naandika hivi kwa sababu nimejiahidi kusema kweli hapa.

Kwenye mkutano ule ule waliamua. Mzee Hoza hataondolewa. Akienda mtu kumfanyia zamu, kwenye daftari litaandikwa jina la Hoza, liwe linaonekana kila siku. Mzee Sefu akaniangalia. "Umesikia, binti?" Nikaitikia kwa kichwa. Ikawa hivyo. Daftari langu lilisema Mzee Hoza anakwenda Lutindi juu mlimani, anakwenda sokoni, anakwenda stendi, wakati mwenyewe amelala kifudifudi anakandwa kwa maji ya moto. Siku moja nilimpelekea dawa, mkewe akamwambia, "Mume wangu, leo umefika mpaka Lutindi." Akacheka mpaka mgongo ukamkatisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Saa tatu na dakika kumi alikuja mama mmoja na tenga la maparachichi, anarudi Lutindi. Zamu ilikuwa ya kumi na nne. Lazaro akanyanyua kizibao kwenye msumari. Kilikuwa kinambana mabegani, Mzee Hoza ni mwembamba.

"Naenda kumfanyia mgonjwa," akasema. Kisha akaniinamia, "Andika vizuri jina langu, Hoza, herufi nne, usikosee."

Nikaandika: 14, Hoza, Lutindi, 3:10. Ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yake, na ilikuwa utani.

Saa nne Madam akafika kukagua. Hakuwa ametupa taarifa. Aliomba daftari, akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kushuka na kidole mstari kwa mstari. Mzee Sefu alisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Simu yake ikalia. Aliweka sauti ya nje, masikio yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo sote tulisikia.

"Nani mwenye kijiwe hiki? Hapa ni afande wa barabarani. Mtu wenu wa kizibao kumi na nne ameteleza huku mlimani na pikipiki ikamlalia. Abiria ni mzima, ana michubuko. Dereva tumempeleka hospitali Korogwe. Jina lake nani?"

Madam aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Mzee Sefu akaniangalia mimi. Nataka mnielewe vizuri hapa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, Lazaro. Kwa miguu ni hatua mbili kutoka nilipokuwa mpaka kwenye simu. Lakini Madam alikuwa pale na kalamu nyekundu, na Mzee Hoza alikuwa nyumbani kitandani, na mimi nilikuwa mimi. Nikanyoosha kidole nikauonyesha mstari wa daftari.

Mzee Sefu akasoma. "Ni Hoza, afande."

"Ameumia sana?" Madam akauliza kwa sauti.

"Anaongea. Analalamikia mguu na tumbo."

"Alhamdulillahi," Mzee Sefu akasema. Akamtuma Idi hospitali mbio.

Idi alirudi baada ya saa moja. Akatuvuta nyuma ya kibanda, Madam akiwa bado anahesabu mistari. Alikuwa anacheka.

"Jamani yule Lazaro ni noma. Nesi anamwita, 'Baba Hoza, geuka,' naye anaitika, 'Naam, binti yangu!' Nimemwambia Madam yuko kijiweni. Kaniambia, niiteni hivyo hivyo mpaka mama wa watu aondoke, mzee asije akafutwa."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, mkono mdomoni. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Mama yake tumpigie?"

"Madam akiondoka tu," Mzee Sefu akasema. "Mguu hauui mtu, binti yangu."

Madam aliletewa ugali na maharage, akala, akashukuru, akasaini. Aliondoka saa nane. Alisema daftari letu ni safi kuliko yote aliyoyaona wilayani. Saa nane na dakika chache hospitali wakapiga simu: mgonjwa Hoza tumbo limevimba, damu inavujia ndani, anaingizwa chumba cha upasuaji, ndugu zake wako wapi? Hapo ndipo Mzee Sefu alipompigia mama Lazaro Handeni. Alikuwa shambani. Alipata gari karibu saa kumi.

Lazaro alifariki saa kumi hiyo hiyo. Mimi na Idi tulikuwa kwenye benchi nje, Mzee Sefu ndani anaongea na daktari. Naambiwa waganga walifanya walichoweza, na ninaamini. Sitaki mtu asome hapa akadhani nawalaumu wao.

Mama Lazaro alifika jua linashuka. Alikuwa na kanga ya shambani, udongo bado uko kwenye miguu. Hakutuona. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Mwanangu, habari za hapo. Natafuta mgonjwa wa pikipiki, Lazaro."

Yule nesi alitafuta kwenye kitabu chake. "Hapa hatuna Lazaro, mama."

"Wa ajali ya Lutindi."

"Wa Lutindi ni mmoja, anaitwa Hoza. Na huyo, mama, pole, amefariki alasiri hii."

Nilimwona mama Lazaro anafunga macho. Akaweka mkono kifuani. Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mungu amlaze pema huyo Hoza," akasema. "Na wake zake na watoto wake Mungu awatie nguvu. Basi siyo mwanangu. Siyo mwanangu." Akaanza kutoa simu kwenye kifundo cha kanga, ampigie Lazaro amgombeze kwa kumtisha.

Idi, mwenye sauti kubwa kuliko pikipiki yake, aliinuka akatoka nje. Mzee Sefu bado alikuwa ndani. Benchini nilibaki mimi.

Nilikwenda nikamsalimu. Nilimshika mkono ule wenye simu. Sikumbuki vizuri nilivyosema, na hata kwenye daftari langu la nyumbani nilikuta ukurasa wa siku ile nimeandika tarehe tu. Nakumbuka aliniuliza, "Wewe nani?" nikasema, "Mimi ndiye ninayeandika majina, mama." Kisha nikamwambia.

Baada ya mazishi, ambayo yalikuwa Handeni, alinivuta pembeni jikoni. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Aliuliza kitu kimoja. "Alipokuwa anaingizwa kwenye kisu, walimwita jina gani?"

Nikamwambia, "Hoza."

"Akaitika?"

"Aliitika, mama."

Akarudi kupuliza moto.

Madam tulimwambia yote. Mzee Sefu alitaka kuchukua lawama peke yake, nikasema hapana, kidole kilikuwa changu. Madam alivua miwani, akaiweka juu ya daftari. Kisha akauliza kama tulisoma kijitabu. Tukasema ndiyo. Akauliza kama tulikisoma chote.

Mkutano uliofuata nilisimama bila kuambiwa. Mzee Hoza aliletwa, amekaa kwenye kiti chenye mto, fimbo katikati ya magoti. Nilifungua ukurasa wa nne. Sikusubiri mtu anyamaze, walikuwa kimya tangu walipokaa. Ukurasa ule unasema hivi: mwanachama aliyeugua au kuumia atabaki kwenye orodha muda wote wa matibabu yake, chama kikimwandikia afisa barua pamoja na uthibitisho wa kituo cha afya. Zamu zake zinaweza kushikwa na mwanachama mwingine kwa niaba yake. Jina la huyo anayeendesha ndilo litakaloandikwa kwenye daftari.

Desturi yetu ilikuwemo. Ilikuwemo siku zote, ukurasa unaofuata ule nilioishia.

Wadogo zangu, kijitabu mtakikuta nimekifunga kwa kamba ile ile ya kalamu. Kizibao kumi na nne kiko kwenye msumari, kimefuliwa, kimeshonwa begani. Mzee Hoza hakukivaa tena na amekataza kisivaliwe na mtu. Kiacheni. Kwenye daftari la zamani, Jumatano ile, mstari wa saa tatu na dakika kumi haukufutwa, Madam alisema daftari la serikali halifutwi. Aliniruhusu kuandika chini yake, nikaandika: aliyeendesha ni Lazaro. Akija mgonjwa na zamu yake ikabebwa, mwandikeni aliyembeba. Na mtu akiwauliza jina mbele ya bosi yeyote, lisemeni kwa sauti hata kama ni mbaya inayokwaruza.

Nilipomaliza ukurasa wa nne siku ile ya mkutano, Mzee Hoza aliinua mkono, kama sisi shuleni.

"Binti yangu, soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akawa anatikisa kichwa taratibu, macho chini.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu, nikaendelea na wa tano mpaka mstari wa mwisho. Hakuna aliyenikatisha.